Ndege ya Minocher: Aliyepiga Chafya Uwanjani

Naapa kwa moto wa hekalu letu sisi Waparsi, uliowashwa babu zangu wangali wakitembea peku na haujazimika mpaka leo, kwamba haya ni kweli tupu. Wiki zilizopita katika gazeti hili nilitia chumvi hapa na pale. Nilisema watu walijaa hata kunguru wakakosa pa kutua. Nilisema farasi wa mkuu wa wilaya alizimia alipoiona ndege. Hakuzimia, alikojoa tu. Lakini ya leo ni kweli neno kwa neno, na ningefurahi kama isingekuwa.

Wiki iliyopita tulimwacha Minocher Tavaria mguu mmoja ndani ya ndege, mguu mmoja nje, na chafya imesikika.

Ilikuwa Mei 1933, saa moja asubuhi, katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa nje ya mji wetu wa Dandivad. Ndege yenyewe ilikuwa ya mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na mawili chini. Minu, ndivyo tulivyomwita, aliinunua kwa Mwingereza mmoja Bombay, kwa fedha za pombe ya mitende aliyouza baba yake. Alikusudia kufika Karachi kabla jua halijatua, peke yake, Mparsi wa kwanza wa mji wetu kupanda mbinguni bila kufa kwanza.

Mama yake, Jerbai, alikuwa amemaliza kila kitu cha baraka ya safari. Rangi nyekundu kutoka sinia lake kwenye paji la uso la Minu, na punje za mchele juu yake. Yai limezungushwa kichwani mara saba na kupasuliwa chini. Nazi imevunjwa. Mtindi na sukari vimeliwa. Kilichobaki ni fundi kuzungusha panga la mbele ili injini iwake, na fundi nilikuwa mimi.

Ndipo ikasikika chafya. Moja.

Kwetu, chafya mbili si neno, kwa kuwa ya pili huifuta ya kwanza. Chafya moja kwa anayeanza safari ni mlango uliofungwa. Unarudi, unavua viatu, unakunywa maji, unakaa mpaka mkosi upite. Hakimu hukaa. Daktari aliyesoma Uingereza hukaa. Minu alijua ramani na upepo na tumbo zima la injini, na mambo ya chafya alikuwa akiyacheka. Lakini mama yake alikuwa amesimama pale.

Alishusha mguu.

Uwanja mzima ukanyamaza kuisubiri ya pili. Watu mia nane walikodoa macho wakiombea pua isiyojulikana. Ya pili haikuja.

Jerbai akauliza ni nani. Macho yakaanza kutembea, na yote yakaishia mahali pamoja. Hilla, dadake Minu, umri miaka kumi na mitatu, alikuwa amesimama karibu na sinia la mama yake na leso mkononi. Wiki nzima alikuwa na mafua.

"Si mimi, mama," Hilla akasema.

Jerbai akampiga kofi.

Nimefanya kazi miaka thelathini na tatu katika karakana ya reli, kati ya nyundo na mvuke, na masikio yangu yamekufa nusu. Kofi lile bado nalisikia.

Baada ya hapo mambo yakaenda kama shanga zilizokatika uzi. Jerbai akaamuru kila kitu kianze upya. Mtindi uliobaki ulikuwa umeanza kuchacha, ukafuatwa mwingine mjini. Yai lilipatikana. Nazi haikupatikana. Wiki ile ilikuwa ya harusi, na nazi zote za Dandivad zilikuwa zimekwisha kuvunjwa kwa ajili ya mabwana harusi.

Aliyetumwa kutafuta nazi kwa baiskeli nilikuwa mimi.

Nilizunguka maduka manne. Niliipata kwa mjane mmoja nyuma ya soko la samaki, na ilibidi kwanza nisikilize habari za magoti yake. Nikarudi saa nne kasoro, jasho linanitoka. Kisha kuhani akahesabu vidole na kusema nusu saa nyingine ingefaa. Saa nne na nusu Minu akapanda.

Nikiwa nimeshika panga la mbele, aliinama na kuniambia kwa sauti ndogo, "Upepo wa saa hizi siupendi, Tehmul."

Ningeweza kusema, basi lala, uruke kesho alfajiri. Nilisema, "Utauweza."

Saa nane ikaja simu ya maandishi kutoka Jamnagar. Ametua, amejaza petroli, ameondoka saa saba na nusu. Tukashangilia. Baada ya hapo hapakuja kitu. Watu wa ngamia walisema vumbi liliinuka alasiri ile juu ya jangwa la chumvi la Kutch mpaka mchana ukawa rangi ya matofali. Siku ya nne wakaleta gurudumu moja.

Gurudumu lile Jerbai aliliweka chini ya picha ya Minu, akaliwashia taa kila jioni mpaka alipokufa. Na kila jioni, akishawasha taa, aligeuka na kumtazama Hilla.

Sasa, nani alipiga chafya?

Wasomaji wangu, jibu nilikuwa nalo tayari tangu Jumatatu. Nilikuwa nimeandika kwamba alikuwa nyati. Nyati jike wa kufugwa wa muuza maziwa, aliyefungwa kwenye ua wa shamba, ambaye vumbi lilimwingia puani. Ukurasa ulikuwa mzuri sana. Mke wangu Piroja aliusoma akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumanne, saa tisa alasiri, Hilla akapanda ngazi za baraza yangu.

Lazima mjue Hilla ni nani siku hizi. Ana miaka hamsini na minne, anafundisha wasichana kushona, na anatembea wima kama sindano zake. Mtaani kwetu hakuna anayemchukia. Wanampelekea samaki sikukuu, wanamwalika kwenye chakula. Ila mtu akisafiri, hata kama anakwenda Surat kung'oa jino, kuna mwenye kumwendea Hilla mapema na kumwambia kwa upole, "Dada Hilla, tafadhali kaa ndani mpaka gari lipite." Naye hukaa. Mchumba mmoja alikuja kutoka Surat kumposa, akasikia habari za chafya kabla hajamaliza chai, akaondoka na treni iliyofuata. Baba yake Hilla alipokwenda Bombay kupasuliwa, safari ambayo hakurudi, binti alimuaga kupitia ufa wa mlango.

Alikuwa na gazeti la wiki iliyopita, limekunjwa mara nne. Hakuketi.

"Umeandika humu chafya ilitoka nyuma ya hema la vifaa vya ndege," akasema.

Nikasema ndivyo nilivyoandika.

"Miaka arobaini na moja mji huu unasema ilitoka mbele, kwenye sinia. Nyuma ya hema palikuwa na nani?"

"Palikuwa na madebe ya petroli."

"Madebe hayapigi chafya, Tehmul."

Nikamsimulia habari za nyati. Nilimsimulia vizuri, na mkia wake na vumbi lake na muuza maziwa aliyemwonea haya. Hilla alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama anavyosikiliza msichana aliyechana kitambaa.

"Ana jina, huyo nyati?"

"Moti."

"Na Moti ndiye aliyekuwa fundi wa ndege?"

Yeye ndiye aliyeendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu. Alisema kwa miaka ishirini ya kwanza alijua si yeye. Alikuwa na hakika hiyo kama alivyo na hakika ya jina lake. Halafu, hajui mwaka gani, hakika ikaanza kupungua. Mtu mmoja anasema hapana, watu mia nane wanasema ndiyo, na mmoja wao ni mama yako.

"Mwishowe nikaikumbuka," akasema. "Naikumbuka ikiniwasha puani. Nakumbuka nilivyochelewa kuinua leso. Naikumbuka vizuri, Tehmul, kila usiku naikumbuka. Sasa niambie. Niliipiga, au sikuipiga?"

Mtu anaweza kudanganya mji mzima na akala akashiba. Lakini mwanamke anapokuuliza habari za pua yake mwenyewe, uongo unakosa njia.

"Hukuipiga," nikasema. "Niliipiga mimi."

Haya, na ninyi mlionisoma tangu wiki ya kwanza, mkanitumia barua za kunisifu kwa urafiki wangu na marehemu, sikilizeni urafiki wenyewe.

Ndege ile ilikuwa na viti viwili. Kwa miezi minane Minu aliniahidi kile cha mbele. Mikono hii ndiyo iliyofungua injini yake na kuifunga mara kumi na moja. Wiki moja kabla ya safari alifunga debe kubwa la petroli kwenye kiti changu, akacheka, akanipiga begani. Alisema petroli haina mama atakayeisubiri. Nikacheka naye. Nilicheka siku saba mfululizo, na moyoni nilikuwa nimevimba kama jipu.

Asubuhi ile nilikuwa na ugoro wa mjomba wangu mfukoni. Niliupima nyuma ya hema, mibano miwili. Mbano wa kwanza wa kumshusha Minu kutoka kwenye kiti chake, aketi chini mbele ya watu kama sisi wengine, aonje kushushwa. Mbano wa pili wa kumwachia apande tena. Dakika moja tu kati yake. Ulikuwa mzaha. Niliupanga kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kupanga jambo lolote la maana.

Ya kwanza ilitoka kama mzinga.

Ya pili ilikataa. Nilivuta ule mbano, hakuna. Nilitazama jua, hakuna. Nilijing'oa unywele wa pua, machozi yakanibubujika, na chafya hakuna. Pua ilikuwa kavu kama kiberiti. Nikiwa bado nahangaika nikasikia kofi.

Na baada ya kofi, Hilla, sikuhitaji tena chafya. Nilihitaji kufumbua mdomo tu.

Hayo yote nilimwambia pale barazani. Akaomba maji. Akayanywa taratibu, akaweka bilauri juu ya gazeti.

Ijumaa, akasema, Mahrukh anaondoka.

Mahrukh ni mjukuu wa kaka yao mkubwa, ana miaka ishirini na mmoja, na anakwenda Bombay kusomea urubani. Ni wa kwanza kugusa ndege katika ukoo ule tangu Minu. Hilla ndiye aliyemfundisha kusoma, na ndiye aliyemshonea nguo mpaka akavunja ungo. Na Jumapili iliyopita baba yake Mahrukh, Rohinton, mtu mwema asiyeua hata mende, alikuja kwa Hilla, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema, shangazi, unajua tunavyokupenda, lakini safari hii hasa, ya ndege, utakaa chumba cha nyuma.

"Nimemwambia nitakaa," Hilla akasema. "Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Ijumaa saa mbili utakuja utasema mbele ya kizingiti chao. Nataka kumpaka rangi mtoto wangu, nimtoe nje kwa mkono wangu. Mara moja tu kabla sijafa nataka kumuaga mtu nikimwona uso."

Nikamwahidi. Nikaapa, tena kwa moto ule ule.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stesheni na begi dogo.

Nilikuwa nimemwambia Piroja kwamba binamu yangu wa Surat ameanguka bafuni. Nilipanga kurudi Jumapili, mambo yakiwa yamekwisha yenyewe, kama mambo yote yanavyokwisha ukiyapa siku mbili. Nilipita mlango wa stesheni nikiwa nimeinamisha kofia, nikaelekea benchi la mwisho.

Hilla alikuwa ameketi juu yake.

"Treni ya Surat ni saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Nipo hapa tangu kumi na moja. Piroja aliniambia. Binamu hajambo?"

Tukatembea mpaka kwa Rohinton. Yeye ndiye aliyebeba begi langu, nadhani alihofia nitalitumia kama kisingizio cha kurudi.

Kizingiti kilikuwa kimepambwa kwa unga wa chokaa, michoro ya samaki wawili na maua. Mahrukh alikuwa amevaa suruali, nywele zimekatwa, na alikuwa akila tambi tamu na mtindi akiwa amesimama, kwa haraka, kama dereva. Mama yake alishika sinia. Ndugu na majirani walijaa barazani. Hilla akaingia kwa mlango wa uani moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akaacha mlango wazi upana wa kiganja.

Rohinton akanishika mikono miwili. Akawaambia watu kwamba ni heshima kubwa kuwa na mjomba Tehmul, mtu wa mwisho kuishika ndege ya Minu, na akaomba niseme neno la baraka.

Nikaanza. Mungu anisamehe, nilianza na kunguru. Watu walijaa, nikasema, hata kunguru wakakosa pa kutua, na watu wakatabasamu, na nikahisi ule utamu wa zamani ukinipanda miguuni. Nilikuwa nakaribia farasi.

Mlango wa chumba cha nyuma ukasogea kidogo.

"Chafya ilikuwa yangu," nikasema. "Nilinusa ugoro makusudi kumkomoa Minu. Hilla hakupiga chafya. Nilijua, na nilinyamaza."

Rohinton aliendelea kutabasamu kwa muda, uso haujapata habari. Akasema, "Mjomba, unatania." Nikasema sitanii. Ajuza mmoja akaketi ghafla kwenye ngazi. Mama yake Mahrukh akalitazama sinia kana kwamba limemuuma.

Wa kwanza kusema neno lenye akili alikuwa Mahrukh. Aliweka bakuli chini, akafuta mdomo.

"Aliondoka saa ngapi hasa, babu?"

Nne na nusu, nikasema. Na Jamnagar? Saba na nusu. Mwezi wa Mei? Wa Mei. Alisema neno kuhusu upepo? Nikakiri kwamba alisema.

"Basi hakuuawa na chafya," Mahrukh akasema. "Rubani akiuona upepo mbaya, anafunga ndege analala. Jamnagar angelala. Aliamua mwenyewe."

Ndugu zangu, nililidaka neno lile kama mtu anayezama anavyodaka unyasi. Nikaanza kutikisa kichwa. Nikasema mtoto amesoma, mtoto anajua, na kweli hata mimi siku zote nimekuwa nikijiuliza.

Hilla akatoka chumba cha nyuma.

Watu wakampisha, nadhani kwa mazoea zaidi kuliko heshima, kama mtu anavyoondoa mguu pasipo kujua. Akaja mpaka mbele yangu.

"La Minu aliliamua Minu," akasema. "Sikukuleta hapa kuuliza nani alimuua. Nauliza nani alikuwa akinitazama nilipopigwa kofi, akijua."

"Mimi."

"Na kesho yake?"

"Mimi."

"Na baba alipokwenda Bombay?"

Rohinton alikuwa ameshika nguzo ya baraza, analia kimya, maana Jumapili ile kwenye ukingo wa kiti ilikuwa imemrudia.

Mahrukh akalichukua sinia mikononi mwa mama yake na kulitia mikononi mwa Hilla. Akasimama mbele yake na kuinamisha kichwa, kwa kuwa ni mrefu.

Hilla alisimama na lile sinia. Kidole kikaenda kwenye rangi, kikaenda kwenye mchele, kikarudi.

"Kinatangulia nini?" akanong'ona.

"Rangi, bibi. Halafu mchele."

Miaka arobaini na moja hakuwahi kuiona shughuli hiyo kwa karibu. Rangi ilikaa upande kidogo. Mchele mwingi ukaanguka. Yai alilizungusha mara tisa badala ya saba, alipotewa na hesabu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mahrukh akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akapanda gari, na Hilla akasimama katikati ya barabara, mahali ambapo watu wote wanaosimama kuaga husimama, akapunga mkono mpaka gari likapotea kwenye kona ya kiwanda cha barafu. Hata baada ya hapo aliendelea kupunga kidogo.

Nikaona hapo ndipo pa kuondokea. Nilikwisha kuliokota begi langu.

"Mtaa wetu una nyumba thelathini na nane," Hilla akasema bila kugeuka. "Katika zote nimeambiwa nikae ndani. Katika zote utasema."

Nikamwambia habari zitafika zenyewe, ajuza wa ngazini peke yake anatosha nyumba ishirini. Akasema zikifika zenyewe zitafika na nyati. Anataka zifike na mimi, nimesimama mlangoni kofia mkononi, maneno yale yale machache, na yeye nyuma yangu akisikiliza kama nimeongeza kitu.

Niliomba basi tuanzie upande wa mwisho, kwa muuza mikate, ambaye ni kiziwi.

"Tunaanzia kwako," akasema.

Wasomaji wangu hamumjui Piroja vizuri, nimewaonyesha akicheka tu. Tulioana mwaka mmoja baada ya Minu kupotea. Wazazi wake hawakunitaka, fundi wa baiskeli asiye na shule. Ni yeye aliyeshikilia. Na kijana wetu alipoondoka kwenda Bombay kufanya kazi, ni Piroja aliyekwenda kwa Hilla alfajiri kumwomba asitoke, na akampelekea bakuli la maziwa ya kumbembeleza.

Alifungua mlango na mwiko mkononi. Akalitazama begi, akamtazama Hilla, akauliza binamu wa Surat kafa au vipi.

Nikavua kofia. Nikasema, chafya ilikuwa yangu, nilinusa ugoro makusudi, Hilla hakupiga chafya, nilijua, nilinyamaza. Nyuma yangu Hilla hakusahihisha kitu.

Piroja hakupaza sauti. Aliuangalia mwiko wake, tone la mchuzi likaanguka kizingitini.

"Siku ile nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Nilikuwa upande wa wanawake, karibu na kamba. Nilikuona ukitoka nyuma ya hema, ndege haijaruka bado, na machozi yamekujaa uso mzima. Nikamwambia dada yangu, tazama anavyompenda rafiki yake. Nikamwambia, yule nitaolewa naye."

Hakuwahi kuniambia hilo. Miaka arobaini mezani kwake, hakuwahi.

"Machozi yale, Tehmul," akasema. "Yalikuwa ya nini?"

Nilimsikia Hilla akivuta pumzi. Majibu mazuri yalinijia matatu, la kwanza zuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

"Ya ugoro," nikasema.

Piroja akasogea kando. Akamshika Hilla mkono, akamvusha kizingiti, akamwambia aketi, chai ipo jikoni.

Kisha akafunga mlango, na komeo likalia upande wa ndani.